Puli Ndogo ya Mwasiti

Jana uliliona gari la Mwasiti likipita, ukageuza uso, usinikatalie. Sheria unaijua, uliipigia makofi ilipopitishwa: kila nyumba ina fungu moja la nguvu, za umeme na za gari pamoja, na gari likiongezewa, nyumba inapunguziwa.

Mwasiti alishachelewa zamu kiwandani mara mbili, na ya tatu ni kufukuzwa. Basi akampelekea fundi Kiango gari ambadilishie puli ya supachaja, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini, afunge ndogo zaidi ili injini ivute kwa kasi.

“Nyumbani tunazima nini, dada?” Kiango akauliza, kama anavyomuuliza kila mteja kabla ya kukaza nati.

“Feni.”

“Feni? Puli hii haishibi feni! Labda friji.”

“Friji ina insulini ya mama.”

“Basi nirudishe ile kubwa?”

Mwasiti akatazama saa yake. “Kaza tu.”

Asubuhi iliyofuata aliwahi kazini. Aliporudi, alimkuta mama yake ameshika kichupa.

“Mwanangu, mbona dawa ina joto?”

“Umeme utarudi, mama,” akasema bila kumtazama.

Wewe pia jana hukumtazama Mwasiti. Vaa viatu sasa hivi, twende ofisi ya vipimo, wanakogawa mafungu ya nguvu, tukadai sheria hii ifutwe, kabla mama hajajichoma ile dawa.