Mzee Aliyecheka Msibani

Kli. Kli. Kli. Alfajiri bado, lakini binti alishajua: baba yake anapanga vijiko tena, vikubwa kushoto, vidogo kulia. Akajivutia shuka usoni. Nguo za mzee alikwisha kuzifunga. Daktari akisema tu kwamba akili zimemtoka, leo hii nyumba inafungwa na mzee anahamia kwake, apende asipende.

Saa tatu kamili daktari akabisha hodi, yeye na nesi wake, mama wa makamo mwenye uso wa upole. Wakaketi mezani wote wanne, daktari na nesi bega kwa bega.

"Tangu mama afariki, amebadilika," binti alisema. "Juzi kacheka msibani, watu wanalia. Jana jirani kamletea mtoto mchanga amwone, kasema anafanana na kiazi."

"Alifanana," mzee alisema.

Daktari akaliandika na hilo. Kisha akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Akamuuliza mzee tarehe. Mzee akaitaja, na saa, na namba ya gari lililomleta daktari. Halafu, kwa kuwa alikuwa dereva wa treni, akataja vituo vyote vya njia yake na dakika zake. Nesi alimsikiliza mpaka kituo cha mwisho, wala hakupiga mwayo.

"Akili anazo, tena za kugawia watu," daktari alisema. "Huu ni usonji, hali ya kutosoma ishara za watu. Alizaliwa nao. Mwache kwake."

"Usonji? Si wa watoto huo?"

"Watoto huzeeka, dada."

Binti akamgeukia mzee. "Mbona zamani hukuwa hivi, Baba?"

"Mama yako alikuwa akinikanyaga chini ya meza. Mara moja, nicheke. Mara mbili, nitoe pole. Miaka arobaini. Sasa hakuna wa kunikanyaga, nabahatisha tu."

Machozi yakamlenga binti. Daktari akamtazama, akatazama ukuta, akashtuka kidogo na kuangusha kalamu. "Pole sana, dada," akasema.

Mzee akainama kuiokota kalamu. Alikawia huko chini. Alipoibuka, uso wake wote ulikuwa unacheka, na hakuna aliyekuwa amemwambia acheke.

"Daktari, njoo tena Jumanne," alisema. "Ila nesi avae ndala. Hicho kisigino chake kitakuvunja kidole."