Kura ya Burulcha

Kura zilikuwa tatu kwa tatu, na iliyobaki ilikuwa ya Burulcha.

Wazee watatu walitaka Erkin afukuzwe kijijini kwa kuiba farasi wa jirani. Watatu walitaka alipe faini ya kondoo. Njia ya tatu, kumsamehe, hakuna aliyeigusa.

Mwenyekiti Jumabay, baba yake Erkin, alikaa mwisho wa zulia, kofia yake ya sufu magotini. Miaka miwili nyuma, aliyesimama pale alikuwa Ulan, mwana pekee wa Burulcha, kwa kosa lile lile. Kura zilifungana, Jumabay akakata neno: "Aende zake. Mwizi hana mama." Ulan akaenda Urusi kubeba zege, akarudi ndani ya sanduku. Baada ya mazishi, wanawake wa kijiji walimpigania Burulcha mpaka akaingia baraza la wazee.

Zuura, mkewe Jumabay na mama yake Erkin, alimshika Burulcha upindo wa gauni.

"Dada, kwa chumvi tuliyokula pamoja! Sema faini, yaishe."

"Wangu alipofukuzwa ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya mlango, nalia."

"Mbona sikukusikia?"

Mzee Asanaly, mhesabu kura, akakohoa. "Mama Ulan, usituweke. Afukuzwe, alipe, au asamehewe?"

Burulcha akamtazama Erkin. Ndevu hazijakomaa. Huyu alikuwa akila jikoni kwake, yeye na Ulan bakuli moja. Neno moja tu, na kijana angekuwa barabarani kabla jua halijazama. Alitamani sana kulisema.

"Namsamehe," akasema.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Zuura akaangua kilio, akambusu mikono. "Mungu akulipe, dada! Wengine wangelipiza!"

"Inuka, Zuura. Tusikie hesabu kwanza."

Mzee Asanaly akahesabu kwa vidole. "Kufukuzwa, tatu. Faini, tatu. Kusamehewa, moja." Akasita. Akamgeukia mwenyekiti, sauti imemshuka. "Zimefungana, Jumabay. Wa kukata neno ni wewe."

Watu wote wakageuka. Nyuma ya mlango, majirani walitega sikio.

Burulcha akajisogeza mbele kidogo kwenye zulia, apate kumwona usoni vizuri.