Chini ya Pipa

Tangu asubuhi mwashi na mkewe walikuwa wakivutana juu ya siku ya mwisho, huku mume akiivunja sakafu kuukuu ya baraza.

“Dunia hii itateketea yote, mke wangu. Mungu ataleta nyingine.”

“Ataifanya upya hii hii. Yeye si wewe, kila kitu nyundo.”

Mume akacheka, akasogeza pipa la maji, akainua nyundo. Mke akamwaga maji kutuliza vumbi, na unyayo ukajitokeza: wa binti yao waliyemzika, aliyeikanyaga saruji ingali mbichi. Ukajaa maji, na wingu dogo likapita ndani yake taratibu.

“Na huu?” akauliza mke.

Mwashi akaishusha nyundo polepole, akauzungushia unyayo chaki.

“Sakafu mpya,” akasema, “itaanzia hapa.”