Kuhamisha Faili za Mzee Shebe

Arobaini ya Mzee Shebe ilipokwisha, mkewe Bi Mwanahawa aliwasha kompyuta ili amhamishe. Ndivyo sheria ilivyotaka. Kila nyumba ilikuwa na sanduku lake la kumbukumbu, na nyumba ilizungumza kwa sauti za watu waliomo kwenye folda ya Waliopo. Aliyefariki alihamishiwa folda ya Waliotangulia, na huko hakusemi mtu.

Athumani, mdogo wake marehemu, akapiga simu.

"Shemeji, unajitesa bure. Usizipitishe faili kwenye kompyuta. Liamuru sanduku lenyewe, litazihamisha kufumba na kufumbua."

"Najua," akamjibu. "Ndiyo maana sitaki."

Kwenye kompyuta faili zilipita mojamoja, na kila iliyopita ilisikika kidogo. Akamsikia mumewe akikohoa, akiulizia miwani, akilalamika kwamba mchuzi umezidi chumvi. Alibakisha faili moja tu, ile ya mlangoni, akaikalia siku nzima. Kila alipoingia kutoka uani, nyumba ilimpokea kwa sauti ya Shebe: "Karibu, mama. Mbona umechelewa?"

Jioni onyo likatokea kwenye kioo cha kompyuta kwamba muda wa kuhamisha umekwisha. Akaiachia faili ihame.

Kisha akatoka nje, akaufunga mlango, akapiga hodi kama mgeni.

Nyumba ilikawia kidogo, ikitafuta sauti kwenye folda ya Waliopo.

"Karibu, mama," Bi Mwanahawa akasikia sauti yake mwenyewe ikimjibu kutoka ndani. "Mbona umechelewa?"