Kopo la Poda

Sungura alipomwona fundi cherehani, aliacha kucheza ghafla, mguu mmoja ukiwa bado hewani.

Alikuwa sungura wa kimo cha mtu mzima, manyoya ya waridi, masikio marefu yaliyolegea. Kazi yake ilikuwa kurukaruka mbele ya lile gurudumu kubwa linalopandisha watu hewani, akipigwa picha na watoto wa watalii. Fundi alimtazama kuanzia masikio hadi miguu, akasonya. Sungura akageuka, akajibanza nyuma ya watoto.

"Kumbe hata aibu anayo," alisema fundi, akaketi kwenye benchi.

Alikuwa ameshuka kwenye basi la watalii, kamera ya kuazima ikining'inia shingoni ili afanane na wenzake. Jua lilikuwa halijatua, lakini mtaa mzima ulishawashwa: taa nyekundu, za buluu, za kijani, zinafukuzana ukutani kama kuku waliomwagiwa maji. Sinema, kumbi za muziki, maduka ya michezo, kila mlango na kelele zake. Watu walipita vinywa wazi.

"Wamelipa nauli kuja kuangalia balbu," fundi alijisemea.

Yeye hakuja kutalii. Alikuja kumwona msichana aliyekaa nyuma ya kioo kwenye kibanda cha tiketi cha gurudumu. Mwanawe wa pekee alimpigia simu kwamba amepata mchumba, na kwamba mchumba mwenyewe anakata tiketi kwenye mtaa wa taa. "Lakini usije huku, mama," akamsihi. "Kumejaa wezi."

Mkata tiketi! Fundi alikuwa ameshona sare za watoto wa wenzake miaka ishirini, vidole vimetoboka, ili huyu mmoja asome. Na leo yuko ofisini, ana kiti kinachozunguka na kiyoyozi juu ya kichwa. Hakumzalia mkata tiketi. Angemkagua msichana leo, ampate na kasoro, na kesho angemwambia mwanawe achague: yeye au huyo. Kwenye mkoba alimbebea mwanawe kopo la poda, maana kijana alilalamika ana harara shingoni, mwaka wa pili sasa haiponi.

Mwanamke mmoja mnene alikuja akichechemea hadi kwenye benchi, viatu mkononi.

"Dada, nisogezee kidogo. Hivi viatu vimeniua."

"Karibu. Na wewe umekuja kushangaa balbu?"

"Nimekuja kumshangaa mkwe," alisema yule mwanamke, akacheka bila raha. "Kuna kijana anataka kumwoa binti yangu. Amekuja nyumbani, akatuambia kazi yake wazi, hakuficha kitu. Nikasema ngoja nikaione kwanza."

"Kazi gani?"

Mwanamke akaonyesha kwa kidevu. Sungura alikuwa akivutwa mkono na mtoto, anapelekwa upande wao kupigwa picha, naye anakwenda kama mbuzi anayeburutwa sokoni.

Fundi alicheka mpaka kamera ikaruka kifuani. "Yule mwenye masikio?"

"Ndiye."

"Na hilo vazi! Hebu ona, mgongoni limefumuka, tumbo limepinda. Mkia tu ndio uliotiwa sindano na mtu mwenye mkono."

"Ni kazi halali lakini, dada. Haibi."

"Afadhali mwizi, anajificha! Huyu anatoka mchana kweupe. Wajukuu wako wakiulizwa shuleni baba yao anafanya nini, waseme nini? Anakula karoti?"

Yule mwanamke alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Binti anampenda. Ndiyo maana nasitasita. Wewe ungekuwa mimi, ungempa mtoto?"

"Mimi? Hata kuku simpi." Fundi hakupunguza sauti, ingawa sungura alikuwa amefika hatua mbili kutoka kwao, amesimama wima, mikono inaning'inia. "Mimi nina mwanangu, anakaa ofisini na watu wa maana. Angevaa hilo gunia, ningemwambia asiniite mama."

Mtoto alimvuta sungura mkono tena. Sungura hakucheza.

Yule mwanamke alivaa viatu vyake, kimoja baada ya kingine.

"Umenitoa tongotongo, dada. Nilikuwa nimeshaanza kulainika."

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha tiketi, akagonga kioo.

"Mwanangu, funga dirisha twende nyumbani. Nimeshaona. Yule simtaki."

Msichana wa tiketi alisimama. Akashika uso kwa mikono miwili.

Fundi akashika mdomo. Kumbe! Msichana mwenyewe ndiye huyo, na ana mwanamume mwingine! Tena sungura! Alikuja kutafuta kasoro, amepewa gunia zima. Mwanawe angelia siku mbili, ya tatu angemshukuru. Kilichobaki ni ushahidi. Aliinua kamera haraka, maana sungura alishaanza kukimbia kuelekea kwenye kibanda, masikio yakimpiga mgongoni.

Hatua chache tu, pumzi zikamwishia. Alisimama, akashika kile kichwa kikubwa kwa mikono yote miwili, akakivua.

Kwenye kioo cha kamera, fundi aliiona shingo kwanza. Ilikuwa imelowa jasho, imekwaruzwa kwa kucha, imejaa harara.

Kisha kijana akageuka, akamtazama. Hakumwita mama.