Siku ya Kumkamua Jimmy

Mbwa alikuwa tayari amefungwa mdomo kwa mkanda wa gauni la kulalia, lakini Jacklyne hakuwa amethubutu kuushika mkia.

"Jimmy, tulia," alimwambia.

Mbwa hakugeuza hata sikio. Hilo halikumshangaza. Tangu aolewe katika boma hili la mtaa wa Satellite, Jimmy hakuwahi kuitikia sauti yake ila kwa meno. Alikuwa mbwa wa marehemu, mke wa kwanza wa Mbuthia, na kwa maoni yake mama wa nyumba hii alikuwa mmoja tu. Kwa sura hakuwa na ajabu: rangi ya kahawia, kifua cheupe, kama nusu ya mbwa wa mtaa huo, maana jike la jirani yao Mzee Ephantus lilizaa mpaka likachoka. Ubaya wake ulikuwa tabia. Jacklyne akipita karibu na kibanda chake alipita mbiombio, macho chini, kama mwanafunzi aliyechelewa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Leo hapakuwa na wa kumsaidia. Mbuthia alikuwa kazini mjini. Janice, binti wa marehemu, alikuwa ametoka alfajiri bila kuaga, kama kawaida yake, akaacha kibanda wazi na geti limeegeshwa tu. Jacklyne alipofungua dirisha la jikoni alimwona mbwa kwenye nyasi, akijiburura kwa makalio, kisha akigeuka na kujilamba chini ya mkia huku akilia.

Alijua maana yake. Vile vifuko viwili vya ute vya huko nyuma, kando ya tundu la haja, vilikuwa vimejaa tena. Na jana mezani Mbuthia alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

"Hiyo kitu ikipasuka, mimi naita daktari amdunge alale. Nimechoka na hiyo harufu."

Janice aliweka kijiko chini. Hakumtazama babake, alimtazama Jacklyne.

"Najua nani atafurahi," alisema.

Maneno hayo Jacklyne alilala nayo na akaamka nayo. Msichana hakuwahi kumwita kitu zaidi ya Aunty, na mbwa akifa, hata hiyo Aunty haingebaki. Kwa hiyo alichemsha matumbo ya ng'ombe kutoka machinjio ya Dagoretti, akayaweka mlangoni, akamvuta mbwa hatua kwa hatua mpaka jikoni, akafunga mlango. Mbwa alikuwa na tope hadi tumboni, na alikula kama aliyenyimwa chakula tangu juzi. Alipokuwa anaramba sufuria, Jacklyne akamvisha kitanzi mdomoni na kumfunga kamba kwenye bomba la sinki. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Daktari alipokuja mwezi uliopita kumwonyesha Mbuthia namna ya kuvikamua vifuko hivyo, Jacklyne alichungulia dirishani. Alikumbuka yote. Alivaa glavu alizonunua jana baada ya maneno yale ya mezani. Alichovya taulo kuukuu katika maji vuguvugu yenye chumvi, akalikandamiza pale palipovimba. Mbwa akanguruma, na mngurumo ule ukapanda kwenye mikono yake mpaka mabegani. Alijua kabisa kwamba mkanda ukiteleza, ameisha.

Akaushika mkia, akauinua. Akaweka kidole gumba upande huu wa kifuko cha kwanza na cha shahada upande ule, akabonyeza polepole kutoka chini kwenda juu.

Hakuna kilichotoka.

Mbwa alijirusha. Kamba ikavutika, bomba likalia, sufuria ikabingirika hadi chini ya meza. Jacklyne alimbana kwa magoti, akafumba macho, akamwomba Mungu kwa Kiluhya, lugha anayoitumia mambo yakiwa mabaya kabisa, akabonyeza tena.

Ute wa kahawia ukafyatuka kwenye taulo. Harufu ilikuwa ya samaki wa omena walioozea kwenye gunia. Kwake ilikuwa harufu nzuri kuliko marashi. Alikagua kama kuna damu, kwa maana daktari alionya kwamba ukiona damu uache mara moja. Hakuona. Akahamia upande wa pili, na huo haukumsumbua.

Mngurumo ulikatika. Mbwa alishusha pumzi ndefu, akalala chini kwa ubavu. Jacklyne alimpangusa, akanawa mikono, akaketi sakafuni kando yake. Kisha akafanya jambo ambalo jana asingelifanya hata kwa kulazimishwa: alifungua kamba, halafu akafungua na mkanda.

Mbwa alimtazama. Akamnusa kiganja. Akalaza kichwa mapajani pake.

Jacklyne alilia kwa furaha. "Kumbe shida yako ilikuwa maumivu tu," alisema, akimpapasa masikio. "Na mimi nikafikiri unanichukia." Akilini alimwona Janice akirudi jioni na kuwakuta hivi hivi, yeye na Jimmy, na akaanza kutafuta maneno ya kumwambia.

Simu ikalia. Alikuwa Janice, ambaye hakuwahi kumpigia hata siku moja.

"Aunty, uko wapi?"

"Niko jikoni. Janice, nina habari njema..."

"Ngoja kwanza. Usishtuke ukipata kibanda iko empty. Niko na Jimmy huku kwa vet, Adams Arcade. Baba Waithera wa hapo mtaani alitubeba na pick-up yake. Amekamuliwa, ako sawa." Sauti ya msichana ikasita. "Jana niliona umenunua glavu. Nikajua tu utajaribu mwenyewe. Huyu angekumaliza, na mimi sitaki uumie... Mum."

Nyuma ya sauti hiyo, ndani ya simu, Jimmy akabweka. Kichwa kilichokuwa mapajani pa Jacklyne kikainuka, kikaigeukia simu iliyokuwa shavuni pake, na meno yote yakaonekana.