Nusu ya Kichwa

Mshonaji alikuwa amesimama mbele ya ukumbi, hotuba yake ya kuliombea kura shamba la sola iko tayari kinywani, umeme ulipokatika na feni zikazimika.

Watu wakaguna. Mwezi mzima alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kulisemea lile shamba, na mwezi mzima kaka yake, kinyozi wa mtaa, alikuwa akimbomolea. Nani atabishana na mtu aliyemshikia mashine kisogoni? "Vile vioo vitanyonya jua lote," aliwaambia wateja wake. "Nguo zenu zitakaukia wapi?"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwenyekiti wa mtaa, kitambaa cha kinyozi bado kimemzunguka shingo. Upande wa kulia kichwa kiling'aa kama sahani iliyooshwa. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimejaa vilevile, na mpaka wa katikati ulinyooka kuliko pindo lolote alilowahi kulishona mshonaji.

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

"Kila anayecheka nimemwona," mwenyekiti alisema, akaketi kwa heshima zote.

Mshonaji akaimeza hotuba yake. "Wanaounga mkono shamba la sola?"

Mikono ikapanda, safu kwa safu. Kule mlangoni ukapanda mmoja ulioshika mashine ya kunyolea, waya unaning'inia.

"Kaka, hata wewe?"

"Usinisemeshe. Mimi nimemsindikiza mteja tu."

Mkono haukushuka.